Karatasi Uliyonisomea Mingoyo

Baba Hadija,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, umelala na huna cha kukusumbua. Wa kuulizwa hali ni mimi, na wanaoniuliza wote wanasema "Bibi, jicho vipi?" halafu wanaondoka kabla sijajibu.

Naandika kwa mkono wangu. Usianze kuuliza nani kaniandikia. Herufi kubwa kama mayai na mstari unapanda mlima, lakini ni zangu, za kile kisomo cha watu wazima ulichokuwa unanichekea, ukisema mwanamke anayekwenda kusoma na mtoto mgongoni atasoma nini. Nilisoma. Si sana, ila nilisoma.

Na ile karatasi nimeisoma.

Nyamaza hapo hapo ulipo. Leo nasema mimi.

Siku tuliyokuzika, kabla hawajakutoa uani, nduguyo Issa alisimama mlangoni mwa chumba tulimokaa wanawake. Akaita, "Mama Hadija, mumeo anaondoka. Umemridhia?" Nilikuwa nimejifunika kanga kichwa kizima, pua imeziba kwa kulia. Nikasema nimemridhia. Akauliza tena, nikasema tena. Mara ya tatu nikasema kwa nguvu mpaka wa kwenye turubai wakasikia: "Nimemridhia, dunia na akhera!" Watu wakaitikia, jeneza likanyanyuliwa, ukaenda zako mwepesi.

Mwepesi! Na karatasi umeniachia mimi.

Unaikumbuka kambi ya macho pale kituo cha afya cha Mingoyo, misimu minne nyuma? Usijifanye umesahau. Mikorosho ilikuwa imetoa maua, watu wanapuliza salfa, ule unga wa njano umetanda mashambani na kila unayekutana naye njiani macho mekundu. Jicho langu la kulia lilikuwa limeanza kuniletea nyuzi nyeusi, kama utando wa buibui unapepea, na pembeni vimulimuli vinapita mchana kweupe. Wewe ukasema ni salfa. Kwako kila kitu kilikuwa salfa. Mtu akikohoa, salfa. Akiwashwa, salfa. Mbuzi wa jirani akiharibu mimba, salfa.

Daktari wa kambi alikuwa kijana mrefu. Akanitia dawa ya kupanua mboni, akanichungulia na taa yake mpaka machozi yakafika kidevuni. Akaandika karatasi. Mimi kwa dawa ile nilikuwa naona ukungu mtupu, hata viganja vyangu sivijui. Akakupa wewe, akasema, "Mzee, msomee mama, muelewe wote wawili," akaitwa kwa mgonjwa mwingine.

Ukanisomea. Tulikaa kwenye lile benchi la saruji. Ukasafisha koo kama unataka kuhutubia. "Mgonjwa apumzishe macho. Aoshe kwa maji safi ya vuguvugu. Asikae karibu na salfa. Msimu ukipita atakuwa sawa." Hivyo ndivyo ulivyosoma. Hata nukta uliziweka. Hata pumzi ulivuta, kama mtu anayesoma kweli. Nikakuuliza, "Ndiyo yote hayo? Mbona kaandika muda mrefu?" Ukanijibu, "Madaktari huandika sana, maana yake ndogo." Ukaikunja, ukaitia mfukoni.

Na mimi sikuiomba tena. Ya nini? Nilishasomewa.

Nikapumzika. Nikaosha. Ukanipeleka kwa jirani yetu Mwanahawa, binti yake aliyekuwa ananyonyesha anikamulie maziwa jichoni. Mtu mzima na mvi zangu, nimelala mapajani pa mtoto niliyempokea mimi siku aliyozaliwa, na wewe umesimama pembeni, "Kamua tena, kamua tena," kama mwenye ng'ombe. Msimu haujaisha, pazia likashuka. La kulia likazima. Ukatikisa kichwa ukasema, "Salfa ya mwaka huu ilikuwa kali."

Mimi, Baba Hadija! Mimi niliyekuwa nabangua korosho nzima nzima, punje haivunjiki, wanawake wa njia yetu wanawaleta mabinti zao waje watazame mkono wangu. Nikaanza kujigonga vidole. Jicho moja halijui kitu kiko karibu au mbali. Jiwe linashuka, korosho imehama. Mwanahawa akanipigia kelele mbele za watu, "Shoga, leo unabangua kucha!" Nikacheka naye. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Na wewe ukawa mwema. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Ukawa unanitolea miiba ya samaki kwa vidole vyako, unasogeza sahani, "Kula, Zuhura, hamna mwiba." Zuhura! Tangu Hadija azaliwe ulikuwa huliiti jina langu. Nikajisemea, mzee kalainika, uzee umemtia utu. Kumbe ulikuwa unajua ulichonifanyia.

Ukafa. Presha, asubuhi, kikombe cha chai mkononi, hata hukukimaliza. Nilikimwaga mimi, na kukimwaga kwenyewe kulinishinda kwanza, nikakaa nacho mpaka adhuhuri. Hayo yalikuwa machozi ya kweli, sikatai.

Nikakaa eda. Mwezi wa pili, jicho la kushoto, hili moja nililobaki nalo, likaanza kunyeshewa masizi. Nimekaa mkekani, naona masizi meusi yanashuka mbele yangu. Kesho yake yakawa mekundu, mazito, na kufika alasiri sikuuona mlango.

Dada yako Mwanaisha, yule wifi yangu ajuaye kila kitu, akakaa pembeni yangu akasema, "Mwenye eda hapandi gari. Maliza kwanza. Hiyo ni salfa ya zamani, inajitoa." Salfa ya zamani! Ukoo wenu mzima mna ugonjwa huo. Na Issa naye, "Shemeji, vumilia, watu watasema nini?" Nikamwambia waseme, siwaoni, na nikikusikiliza wewe sitawaona tena. Alipoulizwa mwalimu wa madrasa akasema hii ni dharura, mjane aende akatibiwe. Mwanaisha akamnunia mwalimu wiki mbili.

Hadija akaja kunichukua kunipeleka Dar. Mimi sioni karatasi ipi ni ipi, nikamwambia asihangaike kuchagua, atie kifurushi chako kizima. Kile cha kitambaa cha kijani, ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya vipuri vya mashine ya salfa. Hukutaka nikiguse hata siku moja. Nilidhani ni mambo ya shamba.

Kule hospitali kubwa nikapelekwa kwa daktari mwanamke. Mdogo kuliko Hadija. Ananipa shikamoo na huku ananiinua kidevu. La kulia alilitazama muda mrefu. La kushoto akalitazama, akavuta kiti. Nakueleza kama alivyonieleza. Nyuma kabisa ndani ya jicho kuna utando mwembamba, ndio unaopokea kila unachokiona, wao wanauita retina. Sukari yangu, hii unayoijua, imeotesha mishipa mibovu juu yake. Ikavuja damu. Halafu yakaota makovu, na makovu yanauvuta ule utando, unabanduka kama chokaa ukutani kwa unyevu. La kulia lilibanduka siku nyingi, hakuna la kufanya tena. "La kushoto bado tuna nafasi, bibi, lakini tusikae."

Hadija alikuwa nje, anapanga foleni dirishani. Daktari akafungua kifurushi kutafuta kadi yangu ya sukari. Nikasikia karatasi zinapekuliwa, halafu zikaacha kupekuliwa.

"Bibi, hii ya kambi ya Mingoyo. Mbona hukuja?"

Nikamjibu kwa kiburi, mimi mjinga, "Hiyo ya kuosha macho na kupumzika? Niliifuata yote."

"Nani alikusomea?"

"Mume wangu. Marehemu."

Akaikunja, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole juu yake. "Itunze. Ukiona, utaisoma mwenyewe."

Ningeweza kumpa Hadija anisomee hapo hapo nje ya mlango. Sikumpa. Nilishasomewa mara moja.

Sasa sikiliza, hicho ulichokiogopa nitakusimulia, maana wewe ulikuwa unadhani wanalitoa jicho, wanaliweka sahanini, wanaliosha, wanalirudisha. Sivyo. Walinichoma sindano pembeni ya jicho, ikauma kama kuumwa na dondora, kisha ganzi. Nilikuwa macho muda wote. Matundu matatu, Baba Hadija. Matatu tu, membamba kama yametobolewa kwa sindano ya kushonea mkeka. Moja la kuingiza maji, jicho lisinywee. Moja la taa. Moja la kifaa chenyewe cha kukatia. Hawakupasua pakubwa, na walipomaliza hawakushona hata uzi mmoja.

Na mimi nikawa naona kwa ndani! Vijiti vyeusi vinatembea mle mle jichoni mwangu, kimoja kina mwanga, kingine kinaikata damu iliyoganda na kuifyonza, polepole, kama mtu anayepalia katikati ya miche. Kisha akaingiza kikoleo kidogo, akaanza kuyaambua yale makovu. Hapo nikamwelewa. Korosho ukishaibangua ina ile ngozi nyekundu juu ya punje. Ukiiambua kwa pupa, punje inakwenda vipande. Unaitafutia ukingo, unainyanyua, unaiacha ije yenyewe. Huyu mtoto alikuwa anafanya vivyo hivyo, kwa darubini, juu ya kitu chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Nikamwuliza, "Unaambua?" Akasema, "Naambua, bibi, usiongee, ukiongea kichwa kinatikisika." Nikamwambia kunyamaza sikufundishwa. Wakacheka mle chumbani, na yeye akasimamisha mkono mpaka kicheko kikaisha. Mwenye mkono kama ule ningemwachia korosho zangu bila kumsimamia, na unajua sijawahi kumwachia mtu.

Akazungushia miale ya kuchomelea, akajaza jicho hewa yao maalumu ya kuukandamiza utando ushike. Nikavishwa bangili ya plastiki imeandikwa nisipande ndege mpaka hewa ile iishe jichoni. Ndege mimi nitaipandia wapi!

Kazi ikabaki kwangu. Siku saba kifudifudi. Kula kifudifudi, chai kwa mrija, kulala kifudifudi, ili ile hewa ipande nyuma ikae panapotakiwa. Kwa Hadija kule Mbagala kuna kitanda cha kamba ulichomsukia alipoolewa. Godoro lilinibana pumzi. Nikamwambia alitoe, azipanue kamba pale kichwani nitoe uso. Zikakataa. Ulizisuka kwa kukaza, tabia yako, kila kitu kukikaza. Akazivuta na mumewe, wakazifunga kando kwa vitambaa, likapatikana tundu la uso wangu. Nikalala siku saba juu ya kamba zako nikiitazama sakafu nisiyoiona. Sijda ndefu kuliko zote za maisha yangu. Nilipoinuka nina michirizi ya kamba paji zima la uso, majirani wa Hadija wakaniita Bibi Mkeka.

Pale kitandani nilikulilia, Baba Hadija. Chozi linadondoka moja kwa moja sakafuni, halipiti hata shavuni. Nilikuwa nakulilia wewe yule wa miiba ya samaki. Karatasi iko chini ya mto wa kifuani, nimeilalia, na mimi nakulilia.

Hewa ile haiishi mara moja. Mwanzo nilikuwa kama nimo ndani ya bakuli la maji linalotikiswa. Kisha ukatokea mstari. Juu yake kweupe, chini yake maji, na kila siku mstari unashuka kidogo. Hadija nilimwona paji la uso kwanza. Kesho yake macho. Kesho kutwa mdomo, unaniambia nile. Amezeeka mwanao, hukuniambia. Mstari uliposhuka vya kutosha nikachukua miwani, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikaishika karatasi juu usawa wa uso.

Nimesoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kama tulivyofundishwa.

"Mama huyu apelekwe hospitali ya rufaa bila kuchelewa. Retina ya jicho la kulia imeanza kuachia. Akiwahi, jicho linaweza kuokolewa. Jicho la kushoto nalo lina dalili za sukari, liangaliwe mapema. Familia imsaidie."

Nikatafuta maji ya vuguvugu. Nikarudi juu, nikaanza upya, nikatafuta. Nikasoma mpaka kwenye muhuri nikitafuta hayo maji yako ya vuguvugu. Hayapo. Salfa haipo. Hakuna palipoandikwa salfa.

Ingekuwa ujinga, ningenyamaza. Lakini wewe ndiye ulikuwa msomaji. Barua za ukoo mzima zilipita mikononi mwako, za posa, za misiba, watu wanatoka mbali kuja kusomewa na wewe. Na ukaisoma hii vizuri sana, ukaielewa, halafu ukanitungia nyingine papo hapo, nimekaa ubavuni mwako.

Nimekaa nimefikiri kwa nini. Kazi yangu sasa ni kukaa na kutiwa matone ya dawa, muda ninao. Nimemkumbuka yule mzee tuliyekaa naye benchini siku ile ya kambi, aliyesema dada yake alipelekwa Dar kwa ajili ya macho akarudi ndani ya jeneza. Nimekumbuka karatasi ilivyokuwa inalia mkononi mwako, nikakwambia, "Ikaze, upepo utaichukua." Hapakuwa na upepo siku ile. Mikorosho ilikuwa imetulia tuli.

Haya. Uliogopa. Uliogopa nitafia huko, ubaki na nani. Lakini jicho lilikuwa la nani? Nani alikutuma uogope kwa ajili yangu? Mimi nimezaa watoto watano, watatu nimewazika, nimeua koboko kwa mpini wa jembe wewe ukiwa juu ya kiti. Niogope sindano? Na kama ningeogopa, ningeogopa mwenyewe. Ungenisomea, nikalia, nikakutukana, kisha nikaamua. Uliniamulia. Ukaniacha misimu minne naosha jicho bovu kwa maji ya vuguvugu, na wewe ndiye uliyekuwa unayachemsha. Ulikuwa unayachemsha, Baba Hadija! Unayapima kwa kidole yasiniunguze!

Na kwa nini hukuichoma? Jiko lilikuwepo. Ulikuwa unaihifadhi ya nini? Ulikuwa unangoja siku gani?

Wa kunieleza ni wewe, na wewe ndiyo basi tena.

Nimerudi nyumbani, Issa amesikia ninayosema, kaja na kofia yake. "Shemeji, marehemu hasemwi vibaya." Nikamwambia, simsemi, namwandikia. Akaondoka bila kunywa chai.

Habari nyingine moja. Msimu wa salfa umerudi. Wiki iliyopita Mwanahawa amesimama kizingitini kwangu anafikicha jicho. "Shoga, salfa ya mwaka huu inaniletea nyuzi nyeusi..." Hakumaliza. Nilimkamata mkono kama mwizi, nikampandisha bodaboda mpaka kituo cha afya, yeye katikati mimi nyuma, asije akaruka. Na yeye ana sukari, si unajua. Akapimwa, akapewa karatasi. Dereva wa bodaboda akanyoosha mkono, "Bibi, lete niwasomee." Nikamwambia wewe shika usukani. Tukakaa kwenye benchi lile lile la saruji. Nikamsomea mimi, kwa kidole, mpaka watu wakachoka kutungoja. Nikamsomea na yale ya kutisha. Yote. Akalia. Nikamwacha alie. Alipojifuta akaniuliza, "Gari la Dar linaondoka saa ngapi?"

Umesikia? Amelia, kisha akauliza saa ya gari. Ndiyo tu. Na mimi ningefanya hayo hayo.

Eda imekwisha, na juzi nimekuja kwako. Nyasi zimekupanda mpaka kichwani, ndugu zako wanajua kusema tu. Nimepalia. Kisha nikaketi, nikaitoa karatasi, nikakusomea. Penye nukta nikatua, na muhuri nikausoma. Sikuruka neno na sikuongeza. Mkono haukutetemeka, na juzi upepo ulikuwepo.

Sasa hili la radhi. Niliyoitoa siirudishi. Niliitamka mara tatu mbele za watu, na mimi si mtu wa kutamka kisha nikatafuna. Lakini aliyeitoa ni mwanamke aliyekuwa hajui. Huyu anayejua hajaulizwa na mtu. Ukiitaka ya huyu, ngoja. Siku nitakayoletwa hapo jirani yako, uniulize mwenyewe kwa mdomo wako, usimtume Issa. Nitakujibu. Sitakwambia leo nitajibu nini.

Mpaka siku hiyo nakuahidi hili: kaburi lako litapaliliwa, na karatasi yoyote itakayoingia njia yetu, ya mke wa mtu au ya mume wa mtu, nitaisoma kama ilivyoandikwa, hata kama msikilizaji ataanguka.

Nakuaga. Mola akulaze panapokustahili, anapajua yeye.

Tukionana, usinisomee kitu.

Zuhura